Kingo za Mito Yetu Zirudishiwe Nyasi

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Nairobi

Msomaji, ukitoka katikati ya Nairobi kwa Barabara ya Waiyaki, ukapita Westlands ukafika Kangemi, simama kidogo utazame bondeni. Utaona kwamba watu wamelima mpaka majini. Juu pana nyumba. Chini ya nyumba mahindi. Chini ya mahindi sukuma wiki. Na pale udongo unapokuwa matope, nduma. Mahali pengi hapana hata hatua tatu za nyasi kati ya jembe na mto. Ukienda Kawangware, Dagoretti, Uthiru na pande za Kabete, habari ni ile ile. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi mto ni mwekundu. Wekundu ule ni udongo wa shamba la mtu, nao unakwenda zake wala hautarudi.

Shauri langu ni hili. Vipande hivi vya kingo za mito na miteremko mikali visilimwe tena. Virudishiwe nyasi, vishikwe na Kaunti kwa niaba ya watu wote, na nyasi hizo zikatwe kwa zamu na kwa tikiti. Lakini mtu wa kwanza kupewa tikiti awe yule yule aliyekuwa akilima hapo. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Sehemu ya kwanza imekwisha semwa mara nyingi, na mahali pengi haijatendwa.

Labda utashangaa nikiita ardhi ya Kangemi au Dagoretti ardhi hafifu. Kila mtu ajua ya kuwa upande wa magharibi wa Nairobi una udongo mwekundu wenye kina, na mvua ya kutosha miaka mingi, kuliko upande wa Embakasi wenye udongo mweusi unaonata. Hayo ni kweli. Lakini shamba halipimwi kwa rangi ya udongo peke yake. Shamba lililolala juu ya kilima ni jambo moja, na shamba lililosimama kama ukuta ni jambo lingine. Ardhi njema ikiwekwa kwenye mteremko mkali na kulimwa kila msimu, hugeuka kuwa ardhi hafifu mbele ya macho ya mwenyewe, na mwenyewe asijue, kwa sababu kila mwaka hupungua kidogo tu. Mwaka huu mahindi yafika kifuani, miaka kadhaa mbele yafika kiunoni, naye asema mbegu za siku hizi ni mbaya.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 25 si mvua ya ajabu kwetu. Wakati wa masika huweza kunyesha kwa siku moja. Katika ekari moja mvua hiyo ni lita 100,000 na zaidi kidogo. Ukiiweka katika mitungi ya lita 20, ile tunayonunulia maji, utajaza mitungi zaidi ya 5,000. Sasa fikiri mtu amesimama juu ya shamba lako la ekari moja kwenye mteremko, akimwaga mitungi 5,000 siku moja. Penye nyasi zilizoshikana, matone huangukia majani kwanza, maji hutembea polepole kati ya mashina, na mengi huzama ardhini. Penye udongo uliotifuliwa na jembe, tone hupiga udongo wenyewe, udongo hujiziba juu, na maji hushuka mbio yakibeba samadi uliyonunua, na mbolea, na hata mbegu.

Sheria haikunyamaza juu ya jambo hili. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965 zilikataza kulima mahali penye mteremko unaozidi asilimia 35, yaani pale ambapo ukienda mita 100 mbele umepanda zaidi ya mita 35. Kati ya asilimia 12 na 35 zilidai matuta au kazi nyingine ya kuzuia mmomonyoko. Kando ya mto zilitaka ziachwe mita 2 bila kulimwa, au kadiri ya upana wa mto ukiwa mpana zaidi, mpaka mita 30. Nawasikia watu wakisema kwamba mambo ya matuta na kingo ni mambo ya wakoloni. Angalia mwaka: 1965. Uhuru ulikuwa umekwisha kuja. Kisha kanuni za maji za mwaka 2007 zikataja mita 6 kuwa ndogo kabisa, na 30 kuwa kubwa kabisa. Kwa hiyo hatukosi sheria. Tuna sheria moja juu ya nyingine kama mablanketi, na mto bado wahisi baridi.

Maji yanayotoka kwetu hayaishii kwetu. Mto Nairobi huanza kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukashuka kupitia mitaa hii ya magharibi mpaka Chiromo, Museum Hill na katikati ya mji. Mto Ngong, ambao huku juu waitwa Motoine, huanzia pande za Dagoretti ukapita Kibera mpaka Mukuru. Mto Mathare nao watoka upande huu huu. Masika ya mwaka 2024 yalileta mafuriko ambayo hakuna mtu wa Nairobi atakayeyasahau. Watu walikufa, na Serikali ikaamuru waliojenga karibu na mito waondoke. Nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Yule aliyebomolewa nyumba yake alikuwa chini ya mlima wa maji, na sisi tulio juu ndio tulioyalegezea njia. Sisemi kwamba jembe la Kangemi ndilo lililoleta mafuriko. Lami, mabati, na mitaro iliyozibwa kwa takataka vyote vilikuwa na sehemu yao, na labda sehemu kubwa zaidi. Lakini bonde lililolimwa mpaka majini halina la kujitetea.

Na mkulima mwenyewe apata nini? Hapa yafaa tuseme kwa adabu, maana wengi wanaolima kingo hizi ni akina mama wanaolisha watoto kwa sukuma wiki ya shilingi chache, tena hawana hati ya ardhi ile. Si wakaidi wala wajinga. Wamelima hapo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Lakini kila mmoja akikaa akahesabu mboga zilizochukuliwa na maji, nduma zilizooza, na siku za kibarua alizopoteza akipanda mara ya pili, ataona kwamba kipande kile humpa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Isitoshe, kadiri mto unavyoingia mjini ndivyo unavyopokea maji machafu ya vyoo na ya gereji. Mboga zilizonyweshwa maji hayo si chakula cha kumpa mtoto, wala cha kuuza Kawangware kwa moyo mweupe.

Nchi hii ya magharibi ya Nairobi imekwisha kuona mtu akilazimisha ardhi izae isichotaka kuzaa. Pale panapoitwa Karen leo palikuwa na shamba la kahawa la Bibi Karen Blixen, Mdenmarki, lenye ekari 6,000 hivi chini ya Milima ya Ngong. Ekari 600 zilipandwa kahawa. Mahali pale ni juu mno kwa kahawa, na mvua yake si ya kuaminika. Bibi yule alifika mwaka 1914 na shamba likauzwa mwaka 1931, deni likiwa limeshinda kahawa. Aliyelinunua alilikata viwanja vya nyumba. Ni ardhi ambayo tangu zamani ng'ombe walinenepa juu yake, lakini haikupata mtu wa kuirudishia kazi yake ya kwanza. Nyasi za Karen sasa zimo ndani ya ua wa watu, hukatwa kwa mashine ili zipendeze macho, na mara nyingi hutupwa. Na maili chache kutoka hapo, mwenye ng'ombe wawili huko Dagoretti anasukuma mkokoteni kando ya barabara akitafuta majani.

Nairobi yenyewe ilikuwa malisho. Jina lake ni la Kimaasai, nalo lahusu maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 ilikuta majani na kinamasi. Kipande cha nyasi hizo bado kiko mikononi mwa umma: Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, yenye kilomita za mraba 117. Kabla ya hapo watu walikuwa wakichunga mifugo yao humo. Na kila ukame mkubwa unapokuja hutukumbusha. Mwaka 2009, na tena mwaka 2022, Wamaasai walileta ng'ombe wao mpaka kando ya barabara za mji, wakila majani ya ukingoni kati ya magari. Watu wa mjini wakapiga picha na kucheka. Mimi sikuona la kucheka. Ng'ombe aliyetembea kutoka Kajiado mpaka Lang'ata anajua mahali nyasi zilipobaki kuliko ofisi nyingi.

Sasa nirudi kwenye ile sehemu ya pili ya shauri langu: nani apewe nyasi. Katikati ya mji iko Barabara ya Muindi Mbingu, penye Soko la Jiji wanapouza nyama, samaki na maua. Wengi hupita hapo bila kujua jina lile ni la nani. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Machakos unakwisha. Na kweli ulikuwa unakwisha. Makorongo yalikuwa wazi, kila mtu aliyaona. Dawa waliyochagua ni kuwachukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu na kuwauza kwa bei ndogo, wakati huo huo kiwanda cha nyama kimefunguliwa Athi River kikitafuta ng'ombe. Wakamba hawakusema kwamba udongo hauna shida. Waliuliza: mbona dawa ya shamba langu yamfaidia mtu mwingine? Wanaume, wanawake na watoto wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi, wakakaa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu, kiongozi wao, alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu.

Nimelitaja jambo hilo kwa sababu Bwana Shamba akienda leo Kangemi na vigingi na askari, akang'oa nduma za watu, atakuwa anasema kweli juu ya udongo na atashindwa vile vile. Mama aliyeng'olewa nduma mchana atarudi usiku na jembe. Ungekuwa wewe, usingerudi?

Tuangalie basi wengine walifanyaje. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, watu walikuwa wamelima nyanda ambazo tangu asili zilikuwa nyasi tupu. Ngano ilipopata bei walilima; ukame ulipokuja, udongo mtupu ukapeperushwa. Mwezi wa Mei 1934 vumbi la nyanda zile lilifika mpaka New York na Washington, mwendo wa zaidi ya maili elfu. Serikali yao ikanunua mashamba yaliyochoka, jumla ya ekari milioni 11 hivi, na sheria ya mwaka 1937 ikaipa kazi hiyo nguvu. Tia alama hapo: ilinunua. Haikunyang'anya. Kisha zikapandwa nyasi, na mwaka 1960 sehemu ya ardhi hiyo, karibu ekari milioni 4, ikatangazwa kuwa Nyika za Taifa chini ya Idara ya Misitu. Wenye ng'ombe wa jirani huchunga humo kwa kibali na kwa ada, na mahali pengi wana chama chao cha malisho kinachosimamia zamu. Si kila kitu kilikwenda vizuri. Kuna jamaa waliohamishwa wakapata taabu walikokwenda. Lakini nyasi ziko mpaka leo.

Hapo utasema Marekani ina fedha. Haya, twende Shinyanga, kwa ndugu zetu wa Tanzania. Wasukuma wana desturi ya zamani iitwayo ngitili. Mtu au kijiji hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, ng'ombe wasikanyage, na hukifungua katika kiangazi majani ya mahali pengine yakiwa yamekwisha. Desturi hii ilikuwa karibu kufa. Mwaka 1986, ulipoanza mradi uitwao HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizojulikana zilikuwa hektari 600 tu hivi. Mradi haukuleta desturi ya kigeni. Uliifufua ile ya wenyewe. Kijiji kilijiwekea sheria, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku alitozwa na wenzake. Miaka ya 2000 ilipofika, ngitili zilikuwa zimezidi hektari 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Hapo hapakuwa na fedha za Marekani za kununua mashamba. Palikuwa na jambo moja: aliyefunga malisho ndiye aliyeyafungua.

Kwa hiyo Kangemi na Dagoretti yafanywe hivi. Mpima wa Kaunti apite bondeni pamoja na wanaolima, siyo peke yake, wapige vigingi. Mahali mto ulipo mwembamba, mita 10 kila upande zatosha kwa kuanza. Usidhani ni kitu kidogo: mita 10 kila upande kwa kilomita moja ya mto ni hektari 2, karibu ekari 5 za nyasi. Majina ya wanaolima yaandikwe siku hiyo hiyo, hapo hapo, na yasomwe kwa sauti mbele ya watu na chifu, ili baadaye asitokee mtu wa Lavington mwenye jina jipya.

Mwaka wa kwanza ipandwe nusu tu. Nusu ya karibu na maji iende kwenye nyasi, ile ya juu iendelee na mboga kwa matuta mazuri. Sukuma wiki humpa mama fedha kila siku. Nyasi humpa mara tatu au nne kwa mwaka. Hilo ni pengo la njaa, wala halizibwi kwa hotuba. Kwa hiyo wakati huo afundishwe kupanda mboga katika magunia kama wanavyofanya wengi Kibera, ambako gunia moja lililotobolewa pembeni huchukua miche mingi mahali pasipozidi kiti. Sheria ya Kaunti ya mwaka 2015 juu ya kilimo cha mjini yaruhusu na kuhimiza kazi ya namna hii, na maofisa wa kuifundisha wapo.

Tikiti iwe ya kipande fulani na kwa msimu fulani, na mwenyewe awe huru kuiuza kwa msimu huo. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini shauri lote lasimama juu yake. Wanaolima kingoni wengi hawana ng'ombe. Ukimwambia mtu asiye na ng'ombe kwamba umempa nyasi, umempa nini? Lakini akiweza kumuuzia mfugaji wa Uthiru haki ya kukata, nyasi zake zimekuwa fedha. Na mnunuzi yupo. Ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa hutaka kilo 60 mpaka 70 za majani mabichi kwa siku. Wafugaji wa mitaa hii wafungao ng'ombe zizini hukosa usingizi kila Januari na Februari, bunda la majani makavu linapopanda bei. Ndiyo maana nasema sehemu moja ya kila bonde isikatwe mvua za vuli zikiisha, iachwe mpaka kiangazi kikali. Hiyo ndiyo ngitili yetu, ila badala ya ng'ombe kuingia, panga huingia. Ng'ombe wenyewe wasishuke bondeni hata siku moja. Kwato kwenye mteremko mbichi hufanya kazi mbaya kuliko jembe.

Juu ya aina ya nyasi, nina neno na wapenzi wa mabingobingo. Ni majani mazuri sana kwa ng'ombe, wala siyakatai. Lakini husimama mafungu mafungu, na kati ya fungu na fungu udongo uko wazi, na ukikata yote kwa siku moja mteremko hubaki uchi. Yapandwe kwa mistari ya kukingama juu, kama boma. Karibu na maji nataka nyasi zinazotambaa na kushona udongo. Tunazo bila kununua. Ile ambayo dunia yaiita nyasi ya Kikuyu ni ya milima yetu hii. Australia, New Zealand na Afrika Kusini waliichukua wakaipanda, na leo ng'ombe wao wa maziwa huila, nasi hapa twaing'oa kama magugu. Kwenye mteremko ulio mkavu zaidi, Boma Rhodes yafaa. Pale chini kuanzia Chiromo, ambapo maji ni machafu, nyasi zipandwe kwa ajili ya udongo tu. Zisipewe ng'ombe wa maziwa.

Kuna hofu moja ambayo naiheshimu kuliko zote, nayo ni hii: kwamba ardhi ikisharudi kwa Kaunti na kumea nyasi, itaonekana haina kazi, na siku moja utaamka ukute ukuta wa mawe na mlinzi. Hofu hii haikuzuka hewani. Bustani ya Uhuru iko katikati ya mji, kila mtu aijua, na hata hivyo mwaka 1989 palitakwa kujengwa hapo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai alipiga kelele peke yake kwanza, akatukanwa, ndipo jengo likaachwa. Ikiwa nyasi zilizo mbele ya macho ya mji mzima zilihitaji mtu wa namna hiyo kuzitetea, bonde la Kawangware litatetewa na nani?

Jibu langu ni kwamba litatetewa na mwenye tikiti, ikiwa kweli anayo. Tazama Bustani ya Michuki, karibu na Globe, kando ya Mto Nairobi. Palikuwa jaa la takataka na gereji, pakasafishwa mwaka 2008, pakaharibika tena, pakasafishwa upya mwaka 2020. Kazi ilikuwa njema mara zote mbili. Lakini mtu anayepita bustanini akienda kupanda gari la Ngara hawezi kulala mlangoni kuilinda. Mtu ambaye karo ya mtoto wake yatoka katika mita 50 za nyasi atajua siku ile ile kigingi kikisogezwa. Pamoja na hayo, ardhi hizi zitangazwe rasmi katika Gazeti la Serikali kwa vipimo na ramani, na nakala ya ramani ibandikwe kwa chifu. Fedha za nyasi zilizobaki na kuuzwa kwa mnada ziandikwe kwenye ubao wa nje, siyo katika kitabu kinachofungiwa kabatini. Mimi ni karani, nayajua makabati.

Wengine watasema tungoje Serikali Kuu ilete mpango mkubwa wa mito. Mipango mikubwa na ije, nitafurahi. Lakini kutia vipandikizi vya nyasi ardhini hakuhitaji tingatinga. Kilimo ni kazi ya kaunti tangu mambo ya ugatuzi yaanze mwaka 2013, na bonde moja laweza kuanza bila jingine.

Mvua za vuli huanza kwetu mwezi wa Oktoba. Anayetaka kutia nyasi ukingoni mwake hana haja ya kungoja kigingi cha mtu. Chimba vipandikizi vya nyasi ya Kikuyu pale zinapokusumbua barabarani, vyenye vifundo vitatu au vinne, uviweke kivulini chini ya gunia lililoloweshwa, lakini usivikalishe zaidi ya siku mbili tatu. Mvua ya pili ikishapita, si ile ya kwanza, panda kwa mistari ya kukingama mteremko, hatua moja kati ya mstari na mstari, ukianza chini karibu na maji ukipanda juu. Usilime palipobaki, fyeka magugu tu. Na wakulima wa bonde moja wakiwa watano au zaidi, na waandike majina yao katika karatasi moja na kuipeleka kwa ofisa wa kilimo wa wadi pamoja, akiandika tarehe ya kupokea mbele yao.